Rufaa ya Mama wa Mtoro

Kazi ya kwanza niliyopewa katika baraza la rufaa ilikuwa kumwita marehemu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sketi mpya, viatu vya kuazima kwa dada yangu. Bwana Ongaro, karani mkuu, alinipa karatasi yenye jina moja akaniambia nitoke koridoni nimwite huyo mtu mara tatu.

"Lakini hapa kwa faili imeandikwa amefariki," nikasema.

"Nimesoma."

"Sasa namwita wa nini?"

"Kanuni inasema mrufani ataitwa mara tatu kabla faili lake halijafungwa. Haisemi awe hai."

Nilitoka. Kwenye benchi walikuwa wanaume sita au saba, wengine na magongo, mmoja na kofia ya sufu iliyofunika mahali palipokuwa na sikio. Niliita. Mazungumzo yakakatika. Niliita tena, nikaita mara ya tatu, na wale wanaume wakaangalia mwisho wa korido, upande wa mlango wa nje, kana kwamba mtu angeweza kuingia. Bwana Ongaro alisimama nyuma yangu, kalamu juu ya karatasi, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza gari linalokuja kwa mbali. Alingoja dakika nzima. Ndipo akaandika: Hakuitika.

"Na kama angeitika?" nilimuuliza tukirudi ndani. Nilidhani tunataniana.

"Ungeandika ameitika," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Ninyi mnaobaki kwenye zile meza mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla hayajanitoka kichwani. Vyeo na mishahara sitagusa, maana vya kwangu havikuwa vya kumfanya mtu aache kula asome. Nitaandika jinsi tulivyofanya kazi, kisha niandike kesi moja. Kesi hiyo wengi wenu mmeisikia nusunusu jikoni, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Haihitaji chumvi.

Kwa asiyejua, baraza letu lilisikiliza askari wa zamani waliokataliwa malipo ya ulemavu au pensheni, pamoja na wajane na wazazi wa waliofia kazini. Wajumbe walikuwa watatu: mwenyekiti ambaye ni wakili, daktari mmoja, na afisa mstaafu wa jeshi. Karani alikaa pembeni akiandika kila neno. Tulikuwa kwenye ile nyumba ya zamani chini ya mlima Menengai, vyumba vikubwa vilivyogawanywa kwa mbao nyembamba ili vitoshe ofisi nyingi. Mtu akipiga chafya masijala, mwenyekiti alimtakia afya. Kiangazi kikizidi, upepo ulileta lile vumbi jeupe la ziwani likakaa juu ya mafaili, na asubuhi ungekuta alama za vidole kwenye faili ambalo ungeapa hakuna aliyeligusa. Bwana Ongaro alisema ni wafagiaji. Wafagiaji walisema ni Bwana Ongaro.

Yeye ndiye alinifunza. Alikuwa mtoto wa fundi wa reli kama mimi, amekulia landhi zile zile za wafanyakazi wa reli nilizokulia, na aliandika hatimkato, yale maandishi ya alama, kwa kasi ambayo sijaiona tena. Alinipa daftari la kamba, penseli mbili zilizochongwa pande zote, na somo moja.

"Mtu akisema mguu wake uliokatwa unamwasha," aliniambia, "usiandike anasumbuliwa na maumivu. Andika mguu uliokatwa unamwasha. Wewe si daktari, wewe si wakili. Wewe ni sikio."

Watu walileta ushahidi wao mkononi. Waliinua eksirei kwenye dirisha ili wajumbe waone mfupa dhidi ya jua. Walileta vipande vya chuma vilivyotolewa mwilini, kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Mzee mmoja alileta mguu wake bandia wa zamani kuonyesha ulivyomchubua, akashinda kesi, akaenda nyumbani na mpya, ule wa zamani akauacha. Ulikaa stoo miaka kumi na mmoja. Kila karani mpya alitumwa stoo kuchukua wino bila kuambiwa kuna mguu, na wote waliporudi waliulizwa kama wamesalimia.

Wengi walikuja kwa mambo ya kawaida: mgongo, goti, macho. Lakini wapo waliokuja na mambo ambayo fomu haikuwa na nafasi yake. Nimeandika habari za mtu aliyenusa moshi kila alipovua saa. Nimeandika za mwingine aliyeweka sahani ya pili mezani kwa miaka minane, mke wake akadhani ana mwanamke. Daktari wetu alikuwa na majina ya Kilatini kwa haya yote, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mimi niliandika kama walivyosema, nikageuza ukurasa.

Bwana Ongaro alistaafu, nami nikakalia kiti chake. Nilikuwa nacho mwaka wa tano hivi alipokuja Sigei.

Sigei alikuwa koplo mstaafu wa Mau Narok, mrefu, mikono myeusi kwa grisi, maana siku hizo aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya watu. Alikuwa amekataliwa. Barua ilisema uziwi wake umetokana na umri na trekta. Yeye alisema umetokana na shambulio ng'ambo ya mpaka, walipokwenda kisimani na lori la maji wakamiminiwa mabomu. Aliketi upande wangu, kwa sababu huo ndio ulikuwa upande wa sikio lake zima.

"Hii sikio ya kushoto imekufa," alisema, akiniangalia mimi badala ya wajumbe. "Lakini ndiyo inasikia."

"Inasikia nini?" mwenyekiti, Bi. Chebet, akamuuliza.

"Mtu anagonga."

"Anagonga wapi?"

"Chuma. Anagonga tatu, ananyamaza, anagonga mbili. Kama mtu anataka kufunguliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Siku ile sikuwa nasikia bunduki, sikuwa nasikia mdomo yangu mwenyewe. Hiyo tu ndiyo nilisikia."

Daktari alimweleza kwa upole habari za mlio wa masikio, kwamba mshipa uliojeruhiwa hujitengenezea sauti. Sigei aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia anayoijua.

Hatimkato yangu ilikuwa sawa. Kosa nililifanya baadaye, nikiandaa muhtasari ambao wajumbe wangeutumia kutoa uamuzi. Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilisoma yale maneno ya kugonga nikaona yatamfanya aonekane mwendawazimu, nikamhurumia. Nikaandika: Mrufani analalamikia mlio katika sikio la kushoto. Nilidhani ninamsaidia. Mlio wa sikio unapatikana kwa kila dereva wa trekta kutoka Mau Narok hadi Njoro. Akashindwa.

Alipokuja kuchukua barua yake alisimama mbele ya meza yangu muda.

"Madam, mliandika ile ya kugonga?"

"Tuliandika," nikasema.

Aliikunja barua ikawa ndogo kama tikiti ya basi, akaiweka mfukoni, akashukuru.

Wakati huohuo alikuwepo Mama Nyokabi. Alitoka Kabazi, mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani na mfuko wa nailoni uliojaa barua, na kila baraza lilipokaa alikuwa kwenye benchi, awe ameitwa au hajaitwa. Mwanawe Kamau alikuwa dereva jeshini, na jeshi lilimwandika mtoro. Kwa hiyo rufaa yake ilikataliwa, akaleta nyingine, ikakataliwa. Makarani vijana walimwita mama wa mtoro, si kwa ubaya, kama mnavyomwita mtu mama wa mboga.

Siku moja nilimweleza kwamba asingojee sana, kwa sababu mtoro hana malipo ya kuwaachia wazazi.

"Mimi sijakuja kwa malipo," alisema. "Watu wa kwetu wanasema ameoa huko, ana watoto. Padri hawezi kumsomea misa kwa sababu hajafa. Ndugu zake wanataka kugawa kile kipande chake cha shamba, nawaambia wangoje. Mimi nataka mniambie kama nimpikie au nimzike."

Nikampigia muhuri barua yake.

Ilipita kama miaka miwili baada ya Sigei. Asubuhi hiyo orodha ilikuwa fupi, na wa kwanza alikuwa mtu anayeitwa Wekesa. Alizaliwa hapa Nakuru, babake alifanya kazi kiwanda cha blanketi, na baada ya kutoka jeshini kwa sababu ya afya alipata kibarua Kariandusi, wanakochimba yale mawe meupe mepesi. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu. Kope zake zilikuwa nyeupe, mistari ya shingo ilikuwa nyeupe, na aliponyoosha mkono kuapa, unga ulidondoka kwenye Biblia. Malalamiko yake yalikuwa sikio la kulia. Alikuwa amekataliwa, barua ilisema ni mitambo ya mgodi.

Daktari alimuuliza kama husikia mlio.

"Si mlio," alisema.

"Ni nini basi?"

"Siwezi kueleza, daktari. Labda nionyeshe."

Akakunja ngumi, akagonga meza. Tatu. Akanyamaza. Mbili.

Penseli yangu ilisimama. Kabla hata sijakumbuka ni wapi niliwahi kusikia hesabu hiyo, sauti ya mwanamke ilitoka ng'ambo ya mbao, kwenye benchi la koridoni, sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliye jikoni.

"Ingia, Kamau. Haijafungwa."

Hakuna aliyesogea. Wekesa alibaki na ngumi juu ya meza, na rangi iliyokuwa chini ya ule unga ilimtoka.

"Nani amesema Kamau?" aliuliza.

Bi. Chebet alinituma nje. Mama Nyokabi alikuwa ameshasimama, mfuko umeanguka, barua zimetapakaa sakafuni, anaangalia mlango wetu. Alipoona ni mimi niliyetoka, aliketi polepole.

"Samahani," alisema. "Nilisinzia. Nimesikia mtoto wangu akigonga."

"Anagonga hivyo?"

"Tangu akiwa mdogo. Tatu, halafu mbili. Ili nijue ni yeye nisichukue panga."

Nilirudi ndani nikaomba kikao kiahirishwe. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kuomba kitu kama hicho, karani haombi. Bi. Chebet aliniangalia usoni, akaahirisha.

Nilikwenda stoo nikatafuta daftari la mwaka ule. Hatimkato ilikuwa pale kwa mkono wangu: anagonga tatu, ananyamaza, anagonga mbili. Nikatoa mafaili matatu, nikayapanga sakafuni, la Sigei, la Wekesa, la Kamau. Siku ile ile. Kisima kile kile. Lori lile lile la maji, na watu watatu: dereva mmoja na walinzi wawili. Sigei alipelekwa hospitali moja, Wekesa nyingine, wakatolewa jeshini miezi tofauti, na barua zao zikaingia kwetu miaka tofauti. Faili la Kamau, kwa kuwa lilikuwa la utoro, lilitoka idara nyingine kabisa na lilikuwa na rangi nyingine. Yalikuwa yamekaa katika chumba kimoja, rafu tatu, mimi nikipita katikati yake kila siku nikienda kuchukua wino.

Nilimpelekea Bi. Chebet daftari, na ule muhtasari wangu wa Ijumaa juu yake. Alisoma vyote viwili.

"Umefanya kazi hapa miaka mingapi?" aliuliza.

"Ishirini na sita."

"Basi unajua ulichofanya."

"Najua."

Nilingoja aniambie nikatoe vitu vyangu mezani.

"Waite wote watatu," alisema.

Sigei na Wekesa niliandika maelezo yao upya kwanza, kila mmoja peke yake, mezani pangu, neno kwa neno. Walikuwa wakilinda kisima, mmoja upande huu wa lori na mwingine upande ule, hawaonani. Mabomu yalianza kuanguka mchana. Sigei alitupwa kwenye mtaro. Wekesa aliangukia chini ya kichaka cha miiba. Kila mmoja alidhani mwenzake amekufa. Walilala hapo, viziwi, hawawezi kuinua kichwa kwa sababu ya risasi, na kila mmoja akasikia kugongwa kwa chuma kutoka saa saba mpaka jua likazama. Kukanyamaza. Baadaye magari ya kuwaokoa yakaja kwa kasi, yakawabeba, yakaondoka. Hakuna aliyerudi pale tena.

Siku ya kikao cha pamoja walikutana koridoni kwa mara ya kwanza tangu kisimani. Hawakukumbatiana. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akigeuza kichwa kumpa mwenzake sikio zima.

"Wewe pia?" Sigei aliuliza.

"Mimi pia."

"Mbona hukuwahi sema?"

"Niliambiwa ni masikio."

Mama Nyokabi aliketi mbele. Afisa mstaafu kwenye baraza alikuwa meja mmoja mkimya, mtu ambaye vikao vizima vilipita bila yeye kuuliza swali. Alisoma ripoti ya utoro kwa sauti. Ilikuwa fupi. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Waokoaji walikuta buti za dereva na shati lake la sare vimekunjwa vizuri chini ya ngazi nyuma ya lori, wakavichukua. Kwa hiyo, ripoti ilihitimisha, alivua sare akatoroka.

Meja aliiweka karatasi chini.

"Koplo, lori lilikuwa limebeba nini?"

"Maji ya kunywa, afande. Lakini lilikuwa tupu. Tulienda kujaza."

"Lilikuwa na shida yoyote?"

"Tope lilikuwa limeziba bomba chini ya tangi. Kamau alilalamika njia nzima."

"Nani husafisha tangi?"

"Dereva."

"Anasafishaje?"

Sigei alianza kujibu, akasita. Nilimwona akifika pale ambapo meja alikuwa amefika.

"Anaingia ndani, afande. Kwa mfuniko wa juu."

"Na buti?"

"Hapana," Sigei alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Ni maji ya kunywa. Anavua."

Mabomu yanaweza kubana mfuniko wa chuma, meja alisema, hata bila kuligusa lori, inatosha litikisike. Daktari aliuliza swali moja tu, kwamba walikuwa wamelala vipi. Wote wawili walisema kifudifudi, shavu kwenye ardhi. Daktari akavua miwani. Alisema sikio likifa, mfupa wa uso bado unaweza kupitisha sauti inayokuja kwa ardhi. Alisema yeye ndiye aliyemwambia Sigei kwamba mshipa hujitengenezea sauti. Kisha akasema, "Nilikosea," na akaniangalia kuhakikisha nimeandika.

Mama Nyokabi hakulia. Alikuwa ameshika mfuko wake mapajani kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama anayehesabu.

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Kamau hakutoroka, alifia kazini. Rufaa ya mama ilikubaliwa, ya Wekesa ikakubaliwa, na ya Sigei ikafunguliwa upya ikakubaliwa. Nilimwambia Sigei mbele ya wajumbe kwamba siku ile aliyoniuliza nilimdanganya, sikuwa nimeandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi mwenyewe sikuwa naamini, madam," alisema. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Bi. Chebet alimuuliza mama kama ana swali.

"Moja," alisema. "Aligonga muda gani?"

Wale wanaume wawili waliangalia chini. Wajumbe wakaniangalia mimi, kwa sababu karatasi zilikuwa kwangu. Ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu: kutoka saa saba mpaka jua likazama, mara mbili, kwa maneno ya watu wawili.

"Haijaandikwa, mama," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili katika kesi hiyo. Wa kwanza unanisumbua mpaka leo. Huu wa pili bado sijaamua.

Mama Nyokabi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji asiyotaka kuihesabu mbele ya mwenye duka.

"Ni sawa," alisema. "Ile siku nilikuwa nachambua maharagwe. Nilifungua mlango tangu mchana mpaka giza likaingia. Kila nikifungua, hakuna mtu. Nikasema ni watoto wa jirani."

Bi. Chebet akafunga kikao.

Buti zilikuwa bado zipo, zimefungwa kwenye katoni kama kielelezo cha utoro. Ilichukua barua nne kuzitoa. Zilipofika kwetu niliwapigia simu Sigei na Wekesa, na Jumamosi moja tukazipeleka Kabazi, sisi watatu, kwa pikapu ya shemeji yake Wekesa. Mvua ilikuwa imenyesha, mahindi yamesimama pande zote mbili za njia, na mawingu yalikuwa yamekaa chini juu ya Subukia. Njiani niliwauliza kuhusu masikio. Sigei alisema lake limenyamaza tangu siku ya uamuzi, na sasa hapati usingizi kwa ule ukimya. Wekesa alisema lake bado linasikia, lakini kugonga kumekuwa polepole.

Nyumba ilikuwa ya mbao, bati jipya, mlango wa kijani umefungwa. Tuliteremka tukaenda mpaka kizingitini. Hapo tukasimama.

Sigei alikuwa na kisingizio, alikuwa amebeba katoni. Wekesa aliinua mkono, ukafika karibu na mbao, akaushusha akauweka mfukoni. Aliniangalia. Nami, niliyekuwa nimeita majina ya wafu koridoni nikiwa na miaka ishirini na mitatu, sikuweza kuugusa ule mlango. Kupiga hodi kwa mdomo hakukutujia hata mmoja wetu. Kuku walitupita. Tulisimama pale nadhani dakika kumi, watu wazima watatu, tukiangalia rangi ya kijani ilivyobanduka kuzunguka mahali ambapo vidole vya mtu vimegonga kwa miaka mingi.

Mama Nyokabi alitokea upande wa shamba, kaniki kiunoni, amebeba kabichi. Alituona, akaona katoni.

"Mmefika kitambo?"

"Sasa hivi tu, mama," Sigei akasema.

Hakuuliza zaidi. Aliweka kabichi chini, akapangusa mikono, akafungua mlango mwenyewe na kuusukuma mpaka ukutani, akasimama kando kutupisha. Sigei aliingia kwanza na katoni, akainamisha kichwa. Wekesa akafuata, kisha mimi. Niligeuka nikidhani yuko nyuma yangu. Alikuwa bado nje, ameshikilia mlango, uso umeelekea uani, akingoja kidogo kama unavyomngojea mtu anayejipangusa tope miguuni. Kisha akaingia, akafunga.